NANI ATASHIKA BAADA YAKE? SOMO JUU YA UONGOZI WA SKULI ZETU ZA SEKONDARI

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu.

Twamshukuru Mola aliyemfundisha mwanadamu yale asiyoyajua, na twamwomba rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu zetu wasomaji, kila mwaka matokeo ya mitihani ya sekondari yatolewapo, mabarazani mwetu huzuka maneno yale yale. Mmoja husema watoto wa siku hizi hawataki kusoma. Wa pili husema Serikali imetusahau sisi watu wa mwambao. Wa tatu husema waalimu hawafundishi. Kisha kahawa huisha, watu huinuka wakaenda zao, na mambo hubaki kama yalivyokuwa mpaka mwaka wa pili. Katika somo hili hatukusudii kukanusha hata moja katika maneno hayo matatu, kwani kila moja lina sehemu yake ya ukweli. Twataka kuongeza neno la nne, ambalo ni nadra kulisikia barazani: ya kwamba skuli huinuka na huanguka kwa uongozi wake, na kwamba kiongozi wa skuli hazuki kama uyoga baada ya mvua, bali hulelewa. Asipolelewa mapema, siku kiti kitakapokuwa kitupu hapana wa kukikalia ila kwa kubahatisha.

1. Yaliyotukuta sisi wenyewe

Tutaanza kwa kujishitaki nafsi zetu, kwani haifai kunyoosha kidole kwa wengine na sisi wenyewe tuna la kujibu.

Tulipata kukaa miaka sita katika bodi ya skuli moja ya Serikali katika mwambao huu. Hatutaitaja jina, wala hatutamtaja mtu. Mwalimu mkuu tuliyemkuta pale alikuwa mtu mwema, mwaminifu wa fedha, na mwenye bidii isiyokuwa na mfano. Alikuwa wa kwanza kufika asubuhi na wa mwisho kutoka. Madawati yaliyovunjika yalitengenezwa, uwanja ukafagiliwa, watoro wakarudi darasani, na matokeo ya mtihani yakapanda mwaka baada ya mwaka. Katika kila mkutano tulimsifu, na mara nyingi tulifunga mkutano kwa kumwombea dua.

Lakini mtu yule alishika kila kitu kwa mkono wake. Ufunguo wa maabara alikuwa nao yeye. Ufunguo wa ghala alikuwa nao yeye. Ratiba ya masomo aliipanga yeye. Wafanya biashara walioleta chakula aliwajua yeye, na ahadi alizopatana nao zilikuwa kichwani mwake, si katika daftari. Naibu wake kazi yake ilikuwa kutia sahihi vyeti vya ruhusa na kuwapanga wanafunzi mistarini. Mwalimu wa kemia alipotaka chupa ya dawa kwa ajili ya majaribio, naye mkuu amesafiri kwenda Nairobi, ilimlazimu kungoja mpaka arudi. Sisi tuliyaona hayo yote, na tukayaita bidii. Hatukumwuliza hata siku moja: Maalim, nani atashika baada yako?

Ikatokea katikati ya mwaka mtu yule akahamishwa. Mkuu mpya alipokuja alikuta makabati yasiyokuwa na funguo na madeni yasiyokuwa na karatasi. Naibu, ambaye kwa miaka hakuachiwa kukata shauri lolote, hakujua pa kuanzia. Waalimu wakagawanyika makundi mawili, hawa wa mkuu wa zamani na hawa wa mkuu mpya. Maabara ikakaa imefungwa karibu muhula mzima, nao ulikuwa muhula ambao wanafunzi wa Kidato cha Nne walihitaji majaribio kuliko wakati wowote. Haikupita miaka miwili ila skuli ilirudi pale pale ilipokuwa.

Katika wanafunzi wale alikuwamo kijana mmoja wa mtaani kwetu, mwana wa mvuvi, aliyekuwa akitaka kusomea udaktari. Alifaulu masomo yote ila kemia. Siku hizi twakutana naye msikitini, hutuamkia kwa adabu na kutubusu mkono, nasi huona haya. Kwani mtoto yule hakuangushwa na uvivu wake, wala na umasikini wa baba yake. Aliangushwa na mlango uliofungwa, na sisi tulikuwa katika wale waliopewa kuuangalia.

2. Uongozi ni amana, na amana ina masharti

Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kuwa kila mmoja wetu ni mchunga, na kwamba ataulizwa juu ya alichopewa kukichunga. Hadithi hii twaihifadhi tangu utotoni. Lakini wengi wetu tukiisoma huwakumbuka wafalme na mahakimu, tukasahau kuwa mwenye kupewa watoto mia nne wa watu kuwachunga kwa miaka minne amepewa mzigo mzito zaidi kuliko wenye vyeo wengi.

Basi ni nani afaaye kuubeba mzigo huo? Kurani Tukufu imetupa kipimo katika kisa cha Nabii Musa (a.s.) alipofika Madiani. Yule binti aliyemshauri baba yake amwajiri Musa alitaja sifa mbili pamoja: nguvu na uaminifu. Hakutosheka na moja. Na Nabii Yusuf (a.s.), alipoomba kuwekwa juu ya hazina za Misri, alijieleza kuwa ni mwenye kuhifadhi na mwenye kujua. Hapa napo ni sifa mbili: amana na ujuzi.

Wako watu wadhanio kuwa uaminifu peke yake watosha. Hao na wamtazame Sahaba Abu Dharr (r.a.). Hapana awezaye kuutilia shaka ucha Mungu wake, na juu ya hayo Mtume (s.a.w.) alimnasihi asitake uongozi, akamweleza kuwa ni dhaifu kwa kazi hiyo na kwamba uongozi ni amana. Haikuwa aibu kwa Abu Dharr. Lilikuwa fundisho kwetu kwamba wema wa mtu ni jambo moja, na kuweza kuongoza watu ni jambo jingine, nalo lina elimu yake.

Kosa hili twalifanya sana katika skuli. Huonekana mwalimu hodari wa hesabu, ambaye wanafunzi wake hufaulu wote, ikasemwa: huyu na awe mkuu. Siku ya pili amekalia kiti ambacho hakufundishwa kukikalia: afanye makisio ya fedha, asuluhishe waalimu, azungumze na wazazi wenye hasira, ajue sheria ya kazi na sheria ya watoto. Darasa limempoteza mwalimu mzuri, na skuli haikupata mkuu mzuri.

3. Kazi ya mwalimu mkuu hasa ni ipi?

Ukimwuliza mzazi wa kwetu kazi ya mwalimu mkuu, atakwambia: kukusanya karo, kujenga madarasa, na kuwatia watoto adabu. Hizo ni kazi zake, lakini si roho ya kazi yake. Roho ya kazi yake ni kufundishwa kwa watoto.

Wataalamu wa elimu wamelichungua jambo hili. Mwaka 2004 Kenneth Leithwood wa Kanada na wenzake walikusanya uchunguzi mwingi, wakaona kuwa katika mambo yote ya ndani ya skuli yanayomfaa mwanafunzi, la kwanza ni ufundishaji wa darasani, na la pili yake ni uongozi. Mwaka 2008 Viviane Robinson wa New Zealand na wenzake wakapima ni tendo gani la mkuu lenye athari kubwa zaidi katika masomo ya watoto. Wakaona si ukali wake wala si ufasaha wake, bali ni kule kushughulikia kujifunza kwa waalimu wake, yeye mwenyewe akiwa pamoja nao katika kujifunza huko.

Maana yake ni nini kwetu? Ni kwamba mkuu aingie madarasani, akae nyuma, asikilize, kisha amwite mwalimu faraghani wazungumze kwa upole juu ya somo lile: wapi watoto walifahamu, wapi walipotea. Awakutanishe waalimu wa somo moja watazame pamoja daftari za wanafunzi, wajue ni jambo gani lisilofahamika, nao wapatane namna ya kulifundisha tena. Ajue kila wiki ni vipindi vingapi vilivyopotea na kwa sababu gani. Mkuu ashindaye ofisini akihesabu stakabadhi kuanzia asubuhi mpaka jioni ni karani mwenye cheo kikubwa.

Wala hatusemi kuwa stakabadhi si kitu. Mwaka 2008 Serikali ya Kenya ilianza kulipa gharama za masomo katika sekondari za kutwa, na mwaka 2018 ikapanga shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Skuli ya wanafunzi mia nne kwa hesabu hiyo ni shilingi 8,897,600. Hata kama si zote zifikazo mkononi mwa skuli, hiyo ni mali ya umma, na wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo mkuu yampasa ajue hesabu ya kutosha kumwongoza mhasibu na kumkagua, ili wakati wake mwingi aupe madarasa.

Na mzigo huu umezidi. Mwaka huo huo wa 2018 Serikali ilishika shauri kwamba kila mtoto amalizaye skuli ya msingi aingie sekondari, na madarasa mengi yakafurika. Kisha ukaja mtaala mpya, ambao katika Sekondari ya Juu una njia tatu: sayansi na ufundi, elimu ya jamii, na sanaa na michezo. Skuli isiyokuwa na maabara wala mwalimu wa fizikia haiwezi kufungua njia ya sayansi kwa ukamilifu. Basi shauri ambalo mkuu na bodi yake wanalikata leo juu ya njia za skuli yao huamua mtoto wa mtaa ule ataweza kuwa nani kesho. Je, shauri kama hili lafaa kukatwa na mtu mmoja asiyekuwa na wa kumshauri?

4. Viongozi hulelewa

Tumesema kuwa kiongozi hulelewa. Hili si jambo geni tulilolipokea kwa wengine. Ni katika mwendo wa Mtume wetu (s.a.w.). Kabla yeye mwenyewe hajahamia Madina, alimtuma Musab bin Umair kwenda kuwafundisha watu wa huko. Alimtuma Muadh bin Jabal Yemen, na kabla hajamwacha aende alimwuliza atahukumu kwa njia gani, mpaka akaridhika na majibu yake. Na mwisho wa uhai wake alimpa Usama bin Zaid jeshi, naye ni kijana mdogo, na chini yake wako wazee wakubwa miongoni mwa Masahaba. Wako walionung'unika, naye hakuwasikiliza. Mtume alipofariki kazi haikusimama, kwani wenye kuishika walikuwa wamekwisha kuishika kidogo kidogo naye yu hai.

Hata madrasa zetu za zamani zilijua siri hii. Katika madrasa kubwa kama Nidhamiya ya Baghdad, aliyofundisha Imam Ghazali mwishoni mwa karne ya 11, kulikuwa na desturi ya muidi, yaani mwanafunzi aliyetangulia, ambaye mwalimu akimaliza somo yeye huwarudilia wenzake na kuwaeleza yaliyowashinda. Sisi tuliosoma vyuoni twaijua desturi hiyo kwa vitendo: mkubwa humsomesha mdogo alifu na bee, na Maalim yuko karibu akimsikiliza wote wawili. Hivyo ndivyo waalimu walivyozaa waalimu.

Basi katika skuli ya sekondari malezi hayo yawe namna gani? Twaona mambo manne.

La kwanza, naibu wa mkuu apewe kazi ya kweli. Awe na mambo ambayo yeye ndiye mwenye kuyakata, akikosea asahihishwe faraghani, akipatia asifiwe hadharani. Mkuu akisafiri, skuli iendeshwe na naibu kwa ukamilifu, si kwa kupigiwa simu kila saa.

La pili, wakuu wa idara za masomo, yaani hesabu, lugha, sayansi, dini na nyinginezo, wapewe makisio yao, funguo zao, na jukumu la kuwasaidia waalimu wachanga wa idara zao. Aliyeendesha idara moja vizuri kwa miaka mitano amekwisha kujifunza nusu ya ukuu wa skuli.

La tatu, wasomeshwe. Nchi hii inayo taasisi ya kufundisha uongozi wa skuli, ijulikanayo siku hizi kwa jina la KEMI, ambayo asili yake ni chuo kilichoanzishwa mwaka 1981. Hutoa masomo ya diploma ya uongozi wa elimu. Bodi iulize: katika waalimu wetu, ni wangapi waliokwenda kusoma? Wala isingoje mtu apewe cheo ndipo apelekwe. Nahodha hujifunza nyota kabla ya kukabidhiwa usukani.

La nne, kila jambo liandikwe. Mapatano na wafanya biashara, orodha ya vifaa, ratiba, majina ya wanafunzi wenye shida, yote yawe katika madaftari ambayo mtu mwingine aweza kuyafungua na kuyafahamu. Kuandika ni sunna ya wenye kuaminiana, na Kurani imetuamrisha kuandika madeni.

Na tuongeze neno juu ya binti zetu. Bibi Aisha (r.a.) aliwasomesha Masahaba na waliokuja baada yao, na wanaume wakubwa walikwenda kumwuliza. Skuli zetu za wasichana zinahitaji waalimu wakuu wanawake waliolelewa kwa kazi hiyo. Mzazi amzuiaye binti yake asiendelee katika ualimu, kisha akalalamika kuwa skuli ya wasichana haina mkuu Mwislamu, amejifungia mlango kwa mkono wake.

5. Bodi, na sisi tunaokaa ndani yake

Wasomaji watauliza: sisi wazazi tuna uwezo gani, ilhali wakuu huwekwa na Serikali? Ni kweli. Mwalimu mkuu na naibu wake huwekwa na Tume ya Huduma kwa Waalimu, yaani TSC. Lakini Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, ambayo ingawa jina lake ni la msingi yahusu sekondari pia, imetupa mlango mpana. Katika bodi ya skuli ya Serikali wamo watu sita wa kuwawakilisha wazazi, watatu wa mfadhili wa skuli, na wengine wa waalimu, wa elimu ya kaunti, wa makundi maalumu na wa watu wenye ulemavu, na mwakilishi wa wanafunzi huhudhuria. Mwalimu mkuu ndiye katibu wake. Na kazi za bodi hiyo ni pamoja na kuangalia ubora wa masomo, majengo, na hali njema ya wanafunzi, na kuishauri kaunti juu ya waalimu wanaohitajiwa.

Sasa tuseme kweli. Viti hivi tumevitumiaje? Mara nyingine tumevipa watu kwa ukoo, au kwa kundi la siasa, au kwa kuwa fulani ana gari. Mara nyingine tumevipa watu wema wasiosoma karatasi yoyote wanayopewa. Na wako ambao wakiingia tu hutaka kuwa wao ndio wakuu: huyu ataka ndugu yake alete nyama, yule ataka mtoto wa jirani asifukuzwe. Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Bodi haikuwekwa kuendesha skuli. Imewekwa kuuliza, kushauri na kulinda.

Katika kuuliza, mfano wetu ni Khalifa Umar bin al-Khattab (r.a.). Aliandika mali ya magavana wake kabla ya kuwatuma. Na watu wa Kufa walipomshitaki Saad bin Abi Waqqas, mmoja wa Masahaba walioahidiwa Pepo, Umar hakusema huyu ni mtu mkubwa asiulizwe. Wala hakuyachukua maneno ya washitaki kuwa ni kweli moja kwa moja. Alimwita Saad akamsikiliza, akawatuma watu waende msikiti kwa msikiti wakaulize habari zake. Alimwondoa katika kazi ile kwa maslahi ya watu, lakini heshima yake hakuivunja, hata alipokaribia kufa akamweka miongoni mwa wale sita wa kuchagua Khalifa, na akabainisha kuwa hakumwondoa kwa udhaifu wala kwa khiyana.

Katika kisa hiki yamo mafunzo matatu kwa mjumbe wa bodi. Kwanza, mkubwa huulizwa, na kuulizwa si kutukanwa. Pili, malalamiko huchunguzwa pale yalipotokea, kwa kuwauliza wengi, si kwa kusikiliza mmoja barazani. Tatu, hata ikilazimu mtu kuondoka, huondoka na heshima yake.

Laiti tungelishika hayo katika bodi ile yetu! Tungelimwuliza mkuu wetu mwema kwa adabu: naibu wako amejifunza nini mwaka huu? Funguo ziko kwa nani? Mapatano yameandikwa wapi? Hangelikasirika, kwani alikuwa muungwana. Lakini tulidhani kumpenda mtu ni kutomwuliza.

6. Mkuu asiyekuwa wa mji wetu wala wa dini yetu

Liko jambo moja husemwa kwa sauti ya chini, nasi tutalisema wazi. Mwaka 2018 TSC ilishika mpango wa kuwapeleka waalimu wakuu nje ya kaunti za kwao, na ingawa mpango huo uliachwa baadaye, bado katika mwambao wako wakuu wengi waliotoka mbali, na wengine si Waislamu. Baadhi yetu huwapinga tangu siku ya kwanza kwa sababu hiyo tu.

Ndugu zetu, Mtume wetu (s.a.w.) alipohama kutoka Makka, na maisha yake yamo hatarini, kiongozi wa njia aliyemwajiri alikuwa Abdullah bin Uraikit, mtu ambaye wakati ule hakuwa Mwislamu, lakini alikuwa mjuzi wa njia na mwaminifu kwa ahadi. Ikiwa Mtume alimwamini mjuzi yule juu ya roho yake, sisi ni nani hata tumkatae mjuzi wa hesabu na sayansi juu ya masomo ya watoto wetu? Haki yetu ni kudai heshima ya dini: watoto wapate nafasi ya sala, binti wasivuliwe stara, somo la dini lipate mwalimu. Tuidai kwa njia ya bodi, kwa adabu na kwa maandishi. Baada ya hapo, mgeni huyo tumpokee, tumsaidie, na tumpe naibu wa mji huu ajifunze kwake.

Na tukitaka kesho wakuu wawe wana wetu, njia ni moja: wana wetu wasome ualimu leo. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti lake la Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932, alituhimiza tusiiache elimu ya dini wala tusiikimbie elimu ya dunia. Hapana awezaye kuwa mwalimu mkuu ila aliyekuwa mwalimu kwanza, na kazi hiyo vijana wetu wengi wameidharau.

7. Yatupasayo

Tufunge somo kwa kuyakusanya. Kila msomaji ajue majina ya wajumbe wa bodi ya skuli anakosoma mwanawe, na ahudhurie mkutano wa wazazi. Kila mjumbe wa bodi asome karatasi kabla ya kikao, na katika kila mwaka aulize habari za naibu na wakuu wa idara, si za mkuu peke yake. Kila mwalimu mkuu, mwanamume au mwanamke, ajiulize: nikifa leo, kesho maabara itafunguliwa? Na kila mwenye uwezo amsaidie mwalimu kijana apate kusoma uongozi, kwani hiyo nayo ni sadaka yenye kuendelea.

Kwa wanafunzi wa darasa letu, haya ndiyo maswali ya kuzungumza juma hili:

Moja: Kwa nini nguvu na uaminifu vimetajwa pamoja? Toeni mfano wa madhara ya kupata kimoja bila kingine.

Mbili: Umar alimwondoa Saad ilhali hakumwona na khiyana. Je, bodi yafaa kutaka mabadiliko hata pasipokuwa na kosa, na kwa adabu gani?

Tatu: Katika msikiti wetu huu, katika madrasa yetu hii, na katika darasa letu hili, nani atashika baada yetu, na tumemfundisha nini?

Swali la tatu ni letu sisi waandishi kabla ya kuwa lenu. Tumeanza kulijibu: kuanzia mwezi ujao, inshallah, somo la mwezi litaandikwa na kusomeshwa na mmoja wa vijana wa darasa hili, nasi tutakaa nyuma tukisikiliza.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyapuuza, amfungulie njia kila mtoto aliyefungiwa mlango kwa uzembe wetu, na atujaalie tuwe katika wenye kutimiza amana. Amin.